Kujadiliana Juu ya Kodi kwa Ilimu na Insafu

Shukurani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, mtu akiketi barazani baada ya sala ya alasiri, katika mji wowote wa pwani yetu, hatakaa sana ila atasikia neno la kodi. Huyu asema serikali yatunyonya. Yule asema wanaolalamika ni wavivu wasiotaka kuijenga nchi yao. Wa tatu asema kila kodi isiyokuwa zaka ni haramu, basi hapana haja hata ya kuizungumza. Kahawa hunywewa, sauti hupanda, watu hutajiana makabila na vyama, kisha kila mmoja huondoka na rai ile ile aliyokuja nayo, na juu yake ameongeza kinyongo. Na jambo lenyewe hubaki vile vile lilivyokuwa.

Sisi twaona kuwa mazungumzo haya si upuuzi, bali ni katika dini. Na kwa kuwa ni katika dini, yana adabu zake. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya An-Nahl, aya ya 125, tuwaite watu kwa hekima na mawaidha mema, na tujadiliane nao kwa njia iliyo bora. Wala hakusema kuwa amri hii ni ya msikitini tu, na kwamba mtu akifika sokoni, au katika mkutano wa siasa, ameruhusiwa kutukana na kuzua.

Mfano wetu wa leo tumeutoa mbali na bahari, katika nchi ya Kisii na Nyamira. Huenda msomaji akauliza: Sisi watu wa pwani tuna nini na Wakisii? Jawabu ni kuwa tuna mengi. Majani ya chai yanayochumwa na wakulima wadogo na kutengenezwa katika viwanda vya Kebirigo, Sanganyi, Kiamokama na Ogembo huletwa kuuzwa hapa Mombasa, katika mnada uliohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Vinyago vya mawe vinavyochongwa Tabaka huuzwa katika maduka yetu. Na ndugu zetu Waislamu wako huko, nao Wanubi wa mji wa Kisii wamekuwako tangu zama za ukoloni. Basi mzigo ukimwelemea Mkisii, uzito wake hutufikia na sisi.

Uko mji mmoja uitwao Keroka, ulio mpakani mwa kaunti mbili hizo; upande mmoja ni Kisii, upande wa pili ni Nyamira. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013 wa Miladi, kaunti mbili hizi zimekuwa zikigombania ni nani mwenye haki ya kukusanya ushuru katika mji huo. Na wafanya biashara wamelalamika mara nyingi kuwa wadaiwa huku na huku.

Sasa tuseme kuwa mama mmoja auza ndizi hapo. Asubuhi amelipa, akapewa stakabadhi. Saa sita aja mtu mwingine, mwenye kitabu kingine, amtaka alipe tena. Mama huyu ana njia mbili za kusema. Ya kwanza ni kupiga kelele kuwa wote ni wezi. Akisema hivyo, mkusanyaji hukasirika, polisi huitwa, na ndizi hukanyagwa. Njia ya pili ni kuzihifadhi stakabadhi zote mbili, akaziweka mbele ya diwani wake na mbele ya majirani zake, akauliza masuali matatu: Siku ni moja, mahali ni pamoja, basi nimelipa mara mbili kwa nini? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 209, imeiruhusu kaunti kutoza malipo kwa huduma inayotoa. Basi nani katika nyinyi wawili aliyelifagia soko hili na kulitilia maji? Na ikiwa hamjui mpaka wenu uko wapi, mbona ujinga wenu ulipiwe na mimi?

Tazama tofauti iliyoko. Maneno ya kwanza yana uchungu wa kweli, lakini ni mepesi kuyakataa, kwani mkusanyaji atasema, Mimi si mwizi, nimetumwa. Maneno ya pili hayana tusi hata moja, na hapana awezaye kuyajibu ila kwa kurekebisha mambo. Hii ndiyo maana ya kujadiliana kwa njia iliyo bora. Wala usidhani kuwa ni upole wa mnyonge, kwa kuwa hoja yenye ushahidi humbana mtu kuliko matusi mia.

Na Mtume wetu (S.A.W.) ametuonyesha njia hii. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alimtuma mtu kukusanya sadaka, naye aliporudi akagawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda juu ya mimbari, akauliza: mtu huyo lau angekaa nyumbani kwa babake na mamake, je, zawadi hiyo ingemjia? Zingatieni, ndugu zetu. Alilisema jambo mbele ya watu wote, kwa kuwa mali ilikuwa ya watu wote. Lakini hakumtukana mtu. Aliuliza suali moja ambalo halina jawabu ila moja. Na alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yaman, alimuusia ajihadhari na kuchukua mali yao iliyo bora, na aogope dua ya mwenye kudhulumiwa, kwa kuwa baina yake na Mwenyezi Mungu hapana pazia.

Ama wale wasemao kuwa kodi zote ni haramu, basi haifai kuzijadili, twawajibu kuwa wanazuoni wetu hawakulifunga jambo hili kwa neno moja. Wako waliosema, kama Imamu Al-Ghazali na Ash-Shatibi, kuwa hazina ikiwa tupu na haja ikawa ya kweli, mtawala aweza kuwatoza wenye uwezo kwa kadiri ya haja, kwa sharti ya uadilifu. Na mfano ulio bora ni wa Sheikh Izzuddin bin Abdussalam. Mwaka 1259, Wamongolia wakiwa wamekwisha iangamiza Baghdad na wakielekea Misri, Sultani Qutuz alitaka kuwatoza raia fedha za vita. Sheikh hakusema hapana, wala hakusema ndiyo kwa kuogopa upanga. Alisema: kwanza hazina iwe haina kitu, na maamiri wauze mikanda yao ya dhahabu na mapambo yao, wawe sawa na watu wengine, hapo ndipo mwaweza kuchukua katika mali ya raia.

Ndugu zetu, hoja hii haikuchakaa mpaka leo. Si ya mtu asiyeipenda nchi yake, kwani adui alikuwa mlangoni na Sheikh alitaka apigwe vita. Ni hoja ya utaratibu: anayewaamuru wengine wafunge mkanda, na aanze kuufunga wake.

Sasa na tutazame yaliyopita katika nchi hiyo ya Kisii, tupate kujua hasara ya kodi isiyokuwa na mashauri. Mwanzoni mwa karne ya ishirini serikali ya Waingereza iliweka kodi ya nyumba, ikilipwa kwa rupia, kwa kila kibanda. Mtu mwenye wake watatu na nyumba tatu alihisabiwa tatu. Hakuulizwa ana rupia au hana. Asiyekuwa nazo alilazimika kuuza mnyama wake au kwenda kufanya kazi kwa mzungu. Mwaka 1907 serikali ikajenga kituo chake pale ulipo leo mji wa Kisii, na Januari 1908 kijana mmoja jina lake Otenyo akamchoma mkuki mkuu wa kituo hicho, Northcote, ambaye hakufa. Jeshi likatumwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatekwa, na watu wengi wakauawa, hata Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo msaidizi wa waziri wa makoloni huko London, akashtushwa na khabari hizo. Hatusemi kuwa kodi ndiyo sababu ya peke yake. Mashambulizi yalikuwako kabla yake, na wanyama walikuwa wakichukuliwa. Lakini twasema kuwa watu walitakiwa watoe mali bila ya kuwa na mahali pa kusema, na asiyekuwa na mahali pa kusema huishia kwenye mkuki. Na sisi wa pwani twayajua haya, kwani ndugu zetu Wagiriama, pamoja na Mekatilili wa Menza, walipatwa na mfano wake mwaka 1913 na 1914.

Kisha ikaja zama nyingine, na Mkisii akawa yeye ndiye mshika hazina. Marehemu Simeon Nyachae alikuwa Waziri wa Fedha tangu Januari 1998 mpaka Februari 1999. Katika mwaka huo aliwaambia watu hadharani kuwa uchumi wa Kenya ni mgonjwa, na kuwa serikali haina fedha. Neno hilo halikuwapendeza wakubwa wenzake, wala halikuwafurahisha wanyonge, kwani waalimu waliogoma mwaka 1998 wakidai nyongeza waliyoahidiwa waliambiwa kuwa fedha za kuwalipa hazipo. Mwezi wa Februari 1999 akaondolewa wizara ya fedha akapewa nyingine, naye akajiuzulu. Hatumsifu kwa kila jambo, kwani yeye mwenyewe alikuwa mkubwa wa serikali kwa miaka mingi kabla ya hapo. Lakini twachukua funzo: hapana mjadala wa kweli juu ya kodi ila hesabu ikifunuliwa. Daktari afichaye ugonjwa hawezi kumlaumu mgonjwa akikataa kunywa dawa chungu.

Na sasa tuje kwenye yaliyotokea juzi tu. Mwaka 2024 serikali ilipeleka Bungeni Mswada wa Fedha, na ndani yake ilikuwamo kuutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ambao kabla yake haukuwa ukitozwa. Vijana wakafanya jambo ambalo sisi wazee wa baraza hatukulifanya: wakausoma mswada wenyewe, wakaufasiri kwa lugha za makwao, wakawaeleza wazazi wao kifungu kwa kifungu.

Tufanye hesabu sisi pia. Mkate ukiwa shilingi 65, asilimia 16 yake ni shilingi 10 na senti 40. Nyumba inayokula mkate mmoja kila siku italipa kwa mwezi mmoja shilingi 312 zaidi. Mwenye mshahara wa shilingi 15,000 atakuwa ametoa zaidi ya shilingi 2 katika kila 100 za pato lake. Mwenye mshahara wa shilingi 500,000 atakuwa ametoa senti 6 tu katika kila 100. Mkate ni mmoja, kodi ni moja, lakini mizigo si sawa. Na Katiba katika kifungu cha 201 imesema kuwa mzigo wa kodi ugawanywe kwa insafu. Hoja kama hii haihitaji mtu kupasua koo. Na kwa hakika, tarehe 18 Juni 2024, kabla ya kura, kodi ya mkate ilitangazwa kuwa imeondolewa.

Walakini insafu yatutaka tuitaje na hoja ya upande wa pili. Serikali ilisema kuwa ina madeni yaliyopita shilingi trilioni 10, na miongoni mwake lilikuwamo deni la dola bilioni 2 lililokopwa mwaka 2014 ambalo wakati wake wa kulipwa ulikuwa Juni 2024. Ikasema kuwa asiyetaka kodi atapata mkopo, na mkopo ni kodi ya watoto wake. Maneno haya si ya kubezwa. Na sisi ambao dini yetu imetuharamishia riba, tungekuwa wa kwanza kuyafahamu. Lakini yafaa kujibiwa kwa jawabu la Sheikh Izzuddin: je, mikanda ya dhahabu imekwisha uzwa? Safari, magari na karamu za wakubwa zimepunguzwa kwanza? Na fedha zilizokopwa, ziko wapi zilipokwenda?

Suali hilo halikujibiwa kwa wakati wake. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge likaupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo watu wakaliingia Bunge, na risasi zikapigwa. Maandamano yalikuwa Nairobi, na Mombasa, na Kisii, na miji mingine mingi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihisabu, ilipofika tarehe 1 Julai, watu 39 waliokufa. Tarehe 26 Juni Rais alikuwa amekwisha tangaza kuwa hatautia saini mswada huo. Twauliza kwa huzuni: Lau sikio lingefunguliwa mapema, watoto hao si wangekuwa wako makwao? Damu ya mtu ni tukufu mbele ya Mwenyezi Mungu, na hapana kodi inayolingana nayo. Na mali ya mwenye duka pia ina heshima yake. Aliyevunja duka la jirani yake kwa jina la haki ameiharibu haki aliyoidai.

Na mwezi wa Disemba mwaka huo huo, sheria nyingine ya kodi ikapitishwa, ikarudisha baadhi ya yaliyoachwa, na wengi katika sisi tulikuwa tumekwisha rudi kulala. Haya ndiyo makosa yetu makubwa: hasira yetu ni ya siku tatu, na sheria ni ya kila mwaka.

Basi zifuatazo ni adabu tunazoona zatupasa.

La kwanza, tusiseme tusilolijua. Sura ya Al-Israa, aya ya 36, imetukataza kulifuata jambo ambalo hatuna ilimu nalo, na imetukumbusha kuwa sikio na jicho na moyo vitaulizwa. Na Sura ya Al-Hujurat imetuamrisha tuihakikishe khabari kabla ya kuitenda. Leo khabari ya uwongo juu ya kodi huingia simuni kabla ya alfajiri, na ifikapo adhuhuri imekwisha zunguka Lamu, Malindi na Mombasa. Anayeipeleka bila ya kuihakikisha ana sehemu yake katika uwongo huo.

La pili, tuitaje hoja ya mpinzani wetu kama atakavyoitaja yeye mwenyewe, kisha ndipo tuijibu. Anayemsingizia mpinzani wake maneno asiyoyasema huenda akapigiwa makofi, lakini hakumshinda mtu.

La tatu, tusiipime hoja kwa kabila la msemaji. Sura ya Al-Maida, aya ya 8, imetukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Ikiwa kodi ni dhulma, ni dhulma akiiweka mtu wa chama chetu. Na ikiwa ni haki, ni haki akiiweka tusiyempenda.

La nne, tuanze na nafsi zetu. Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, imetuamrisha tusimamishe uadilifu hata juu ya nafsi zetu. Mfanya biashara ambaye huzitoza kodi bidhaa zake kwa mnunuzi kisha haipeleki serikalini, huyo ana mdomo gani wa kulaumu wizi wa wakubwa? Na tajiri ambaye hatoi zaka, ilhali kila jioni azungumza barazani juu ya shida za maskini, na ajiulize ni nani aliyewanyima maskini hao haki yao kwanza.

La tano, tulete mapendekezo, si malalamiko matupu. Ibn Khaldun, aliyekufa mwaka 1406, alieleza kuwa dola ikiwa changa kodi zake huwa ndogo na mapato yake makubwa, na ikizeeka kodi huwa kubwa na mapato madogo, kwani watu huvunjika moyo wakaacha kufanya kazi. Hii ni hoja ya kumfaa mtawala mwenyewe. Tukimwonyesha kuwa ushuru mwepesi, ulio dhahiri, unaotozwa mara moja, utamletea zaidi kuliko ule unaowafukuza wachuuzi Keroka au Kongowea, huenda akasikia kwa faida yake ikiwa hakusikia kwa ajili yetu.

Na nini la kutenda? Mswada wa Fedha hufika Bungeni ifikapo mwisho wa Aprili, na hutakiwa uwe umekwisha ifikapo mwisho wa Juni. Na kaunti zetu nazo zina sheria zao za ushuru kila mwaka, na huita watu watoe maoni. Twaenda wangapi? Mikutano hiyo hukaa watu kumi, na kati yao saba wameletwa kwa nauli. Sisi katika darsa letu tumeazimia kuwa, Mwenyezi Mungu akijaalia, kila mwaka mwezi wa Mei tutatoa usiku mmoja kuusoma mswada huo kama tusomavyo kitabu, mmoja wetu akisoma na mwenye kuijua biashara akieleza, kisha tuandike maoni yetu na kuyapeleka yakiwa na majina yetu. Twaziomba darsa nyingine, na mabaraza, na vyama vya kina mama, wafanye mfano wake, bara na pwani. Mama muuza ndizi wa Keroka na muuza samaki wa Malindi, stakabadhi zao ni za lugha moja.

Ewe Mola wetu, tupe ulimi wa kweli na sikio la kusikia. Warehemu waliokufa, na wape subira wazazi wao. Waongoze wenye kushika mali zetu waijue amana waliyopewa, na utuepushe sisi kuwa miongoni mwa wenye kudhulumu au miongoni mwa wenye kunyamaza wakiiona dhulma. Amin.